Kujifunza Kayaki Katika Ziwa Tanganyika Kabla ya Kubeba Ndoana: Mwongozo Kamili

Mtu anayetaka kuvua kwa kayaki, yaani chombo kidogo chembamba kinachoendeshwa kwa kafi, katika maji ya Kigoma ana elimu mbili za kujifunza, na hatari huanza pale anapotaka kuzipata zote kwa siku moja. Elimu ya kwanza ni ya kukimudu chombo: kukiendesha, kukigeuza, kuanguka majini na kupanda tena bila msaada. Ya pili ni elimu ya samaki, na kwa hiyo Kigoma haina uhaba wa walimu, kwa kuwa mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji imejaa watu waliokulia katika kazi hiyo. Mwongozo huu unashughulika zaidi na elimu ya kwanza, na msimamo wake ni kwamba mshipi na ndoana visiingie katika kayaki mpaka mwanafunzi awe amepinduka kwa makusudi katika maji yanayompita kimo na kurudi juu ya chombo kwa nguvu zake mwenyewe, tena kila anapojaribu, si kwa bahati ya mara moja.

Lielewe ziwa kwanza

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 673, upana wa wastani wa kilomita 50 na kina kinachofikia mita 1,470. Bonde lililo mbele ya Kigoma peke yake lina kina kinachozidi mita 1,300. Kwa mwenye kayaki, tarakimu hizi zina maana ya kikazi. Sakafu ya ziwa huteremka upesi mno, hivyo si mbali na ufukwe nanga haina tena pa kushika. Vilevile, chombo kinachosukumwa na upepo kuelekea magharibi hakina kisiwa wala mwamba wa kukizuia hadi pwani ya Kongo, makumi ya kilomita mbele.

Upepo ndio unaostahili kusomwa kwa bidii kuliko jambo lingine lolote. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa iliyopoa huteremka kutoka vilimani kuelekea ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Ndiyo sababu alfajiri ya Kigoma, ambayo kwa macho ya mgeni ni wakati salama kuliko wote, ina mtego wake. Maji ya ukingoni yamekingwa na vilima na yametulia tuli, ilhali upepo mwepesi unatoka mgongoni mwa mtu anayeelekea ziwani. Mwanafunzi huona kayaki inakwenda kwa wepesi akadhani amekwisha kuwa hodari, na kadiri anavyotoka kwenye kivuli cha vilima ndivyo upepo na mawimbi vinavyoongezeka. Anapogeuka ndipo anapogundua kwamba safari ya kurudi ni kazi nyingine kabisa.

Dawa ya mtego huo ni jaribio dogo ambalo ninasisitiza lifanywe kila siku. Piga kafi kuelekea ziwani kwa dakika 5, kisha geuza chombo na urudi ulikotoka huku ukitazama saa. Ikiwa kurudi kumechukua dakika 8 au zaidi, siku hiyo usiende mbali. Fanya mazoezi sambamba na ufukwe, mahali ambapo ukichoka unaweza kusimama kwa miguu yako.

Majira nayo yana tabia zake. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini na kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa, na mawimbi yaliyosafiri umbali mrefu hivyo huwa makubwa kuliko upepo unaousikia usoni. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei ni masika ya huku, na hatari yake ni dhoruba za ghafla zenye radi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri unaohusu pia maziwa makuu, nao usomwe jioni ya kuamkia safari. Hata hivyo utabiri hauondoi haja ya kumuuliza mzee wa mwalo. Ukimkuta amevuta mtumbwi wake juu ya mchanga ilhali anga ni jeupe, msalimie, muulize sababu, na ulifuate jibu lake.

Kuchagua chombo, kafi na mavazi

Kwa anayeanza, na hasa kwa anayekusudia kuvua, kayaki ya kukalia juu ni bora kuliko ile ya kuingiza miguu ndani. Ya kuingia ndani ikipinduka hujaa maji, na mpanda chombo hulazimika kujitoa kichwa kikiwa chini kisha atafute namna ya kuyatoa maji hayo. Ya kukalia juu ina matundu yanayopitisha maji yakarudi ziwani yenyewe, na ukianguka umekwisha kuwa nje. Kayaki nyingi za uvuvi zina urefu wa mita 3 hadi 4.5 na upana wa sentimita 75 hadi 90. Upana huongeza utulivu lakini hupunguza mwendo, na kwa mtu wa kimo cha kawaida mimi hupendelea chombo cha upana wa kati kuliko kile kipana sana, kwa kuwa uwezo wa kurudi ufukweni dhidi ya upepo ni usalama pia.

Angalia uzito ambao mtengenezaji amesema chombo kinaweza kubeba, kisha usiupite theluthi mbili yake ukijumlisha mwili wako, maji ya kunywa, vifaa na samaki unaotarajia. Kabla ya kukinunua kilichotumika, kijaze maji kidogo sehemu ya ndani ukiwa nchi kavu na utafute mahali panapovuja, hasa kuzunguka matundu na chini ya kiti, ambako plastiki huchakaa kwanza.

Kafi la kayaki lina mabapa mawili, moja kila upande. Kwa kayaki pana ya uvuvi urefu wa sentimita 230 hadi 250 hufaa watu wengi. Likiwa fupi utajigonga vidole ubavuni mwa chombo, likiwa refu mno litayachosha mabega. Lifunge kwa kamba fupi kwenye chombo, kwa sababu kayaki bila kafi ni gogo linaloelea.

Jaketi okozi huvaliwa na kufungwa kabla mguu haujaingia majini, na halivuliwi mpaka urudi ufukweni. Jaketi lililokaliwa au lililofungwa nyuma ya kiti halina msaada wowote, maana chombo kikipinduka huna mikono ya kulifuata. Jaketi za wapiga kafi wanaojua kuogelea huwa na nguvu ya kuelesha ya nyutoni 50. Asiyejua kuogelea achague lenye nyutoni 100, na ajifunze kuogelea kabla ya kufikiria uvuvi. Lijaribu hivi: lifunge mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa kushika mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwako. Weka filimbi kwenye jaketi hilo, pamoja na kisu kidogo cha kukatia kamba unachoweza kukifikia kwa mkono wowote.

Vaa nguo nyepesi zinazokauka upesi, zenye mikono mirefu, na kofia yenye kamba. Jua la karibu na Ikweta huunguza mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji yanayolirudisha. Maji ya Tanganyika si baridi kali, joto lake la juu huwa kati ya nyuzi 24 na 28, lakini mtu aliyeloa kwa muda mrefu huku upepo au mvua vikimpiga hupoteza joto na nguvu za vidole, hivyo koti jepesi la mvua likae ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Masomo ya kwanza: ukingoni

Tafuta mahali penye mchanga, maji ya kiunoni na upepo unaovuma kuja ufukweni. Fukwe ndogo za upande wa Katonga zinafaa. Eneo la bandari na njia ya boti za Kibirizi havifai. Uepuke pia mdomo wa mto Luiche, kusini ya Ujiji, na sehemu zote zenye matete, kwa sababu huko ndiko makazi ya mamba na viboko, na hakuna ufundi wa kafi unaomshinda kiboko aliyeshtuliwa. Ziwa hili lina kichocho pia. Ukishazoea kushinda majini, mwombe daktari akupime kila mwaka.

Ukiwa bado mchangani, kaa katika chombo na urekebishe sehemu ya kukanyagia mpaka magoti yapinde kidogo. Shika kafi kwa mikono iliyotanuka kidogo kuliko mabega, halafu liinue juu ya kichwa: viwiko vikiwa na pembe mraba, mshiko wako uko sawa.

Pigo la kwenda mbele linaanza karibu na vidole vya miguu na kuishia nyongani. Bapa lizame lote, na nguvu itoke kiunoni kwa kuzungusha kiwiliwili, si kwenye mikono. Anayevuta kwa mikono atakuwa amechoka baada ya robo saa. Kwa kugeuza, chora nusu duara pana kutoka omo (mbele ya chombo) hadi tezi (nyuma yake) kwa upande mmoja. Chombo kitageukia upande wa pili. Kwa kukisimamisha chombo, chovya bapa nyuma kidogo upande huu, kisha upande ule, mara tatu au nne kwa haraka. Jifunze pia kulivuta bapa kutoka mbali kuja ubavuni, ili kayaki isogee kwa ubavu kuelekea kwa mwenzako au kwenye gati.

Lipo pigo la tano, ambalo haliendeshi chombo bali hukizuia kisipinduke. Unapohisi unaelemea upande mmoja, lilaze bapa juu ya maji upande huohuo, mgongo wa bapa ukitazama chini, na uyapige maji kwa kuyakandamiza huku ukiinua goti la upande huo. Kichwa kifuate mwili, kisiwe cha kwanza kuinuka. Rudia zoezi hili katika maji ya kiunoni hadi mkono uende wenyewe kabla ya mawazo, kwa sababu wimbi la ubavuni halitoi nafasi ya kukumbuka.

Kupinduka na kupanda tena

Hili ndilo somo ambalo watu hulikwepa, na ndilo linalotenganisha mtu anayefaa kwenda kuvua na asiyefaa. Lianze katika maji ya kifuani, mwenzako akiwa amesimama karibu.

Jiangushe upande mmoja kwa makusudi. Jambo la kwanza ni kushika chombo, la pili ni kushika kafi, na hayo mawili yafanyike kabla hujapangusa macho. Kayaki tupu huchukuliwa na upepo kwa kasi kuliko anavyoogelea mtu aliyevaa jaketi, na ukiiachia kwa dakika moja tu huenda usiifikie tena.

Ikiwa chombo kimelala kifudifudi, nenda katikati yake, nyoosha mikono juu ya tumbo lake uushike ukingo wa mbali au kamba iliyo upande ule, kanyaga ukingo wa karibu kwa goti, kisha uangukie nyuma kwa uzito wako wote. Kitageuka na kukaa sawa. Ukiwa na mikono mifupi, funga mapema kamba ya urefu wa mita 2 kwenye mpini wa pembeni, uirushe upande wa pili na kuivuta.

Sasa kaa ubavuni karibu na kiti, mkono mmoja ukingo wa karibu, mwingine ukingo wa mbali. Acha miguu ielee nyuma yako mpaka mwili uwe umelala juu ya maji, kisha upige teke kwa nguvu na ujivute, kama unayetaka kuvuka chombo kwa tumbo na si kukipanda. Kosa la wengi ni kujaribu kujiinua wima. Miguu huingia chini ya kayaki na chombo humwangukia mtu usoni. Kitovu kikishafika katikati ya chombo, pumzika, kisha ugeuke taratibu mpaka makalio yaingie kwenye kiti, na miguu iingie mwisho.

Ukishafanikiwa katika maji ya kifuani, nenda kwenye kina. Ukishafanikiwa penye kina, rudia ukiwa umevaa nguo zote za safari, halafu siku yenye upepo wa wastani unaokuja ufukweni, halafu ukiwa umechoka, mwisho wa mazoezi. Jifunze pia kuokoa na kuokolewa: vyombo viwili vilale sambamba, omo ya mmoja ikitazama tezi ya mwingine, na aliye juu ashike kwa mikono yote miwili ukingo wa kayaki isiyo na mtu huku mwenzake akipanda. Mtu asiyeweza kupanda tena baada ya majaribio matatu ameonyeshwa mpaka wake, na kwa siku hiyo mpaka huo ni maji ya kiunoni.

Safari za mwanzo bila ndoana

Safari za kwanza ziwe sambamba na ufukwe, umbali ambao unaweza kuuogelea, na ukiwa na mwenzako mwenye chombo chake. Mpiga kafi mgeni huenda kilomita 4 kwa saa katika maji tulivu, na upepo wa mbele huweza kuupunguza mwendo huo hadi nusu. Panga safari kwa hesabu ya kurudi, na uanze upande unaotoka upepo ili kurudi kuwe kwepesi.

Mwachie mtu wa nchi kavu maelezo manne: mahali ulipotokea, upande unaoelekea, rangi ya chombo na jaketi lako, na saa ambayo usiporudi aanze kutafuta msaada. Saa hiyo isiwe ya makadirio ya hivihivi. Simu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, imefungwa mwilini, nambari ya dharura 112 na ile ya Zimamoto na Uokoaji 114 zikiwa zinajulikana kwa moyo. Lakini usiutegemee mtandao unapopita chini ya vilima vya kuelekea Gombe. Milio mitatu ya filimbi ni wito wa msaada.

Kuna kanuni ya macho kwa upepo: mara vichwa vyeupe vya mawimbi vinapoanza kuonekana huku na kule, anayejifunza arudi ufukweni. Kwa radi, hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi ipo ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Usingoje ifike huko. Toka majini unapoona wingu limesimama kama mnara, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Boti za abiria ziendazo vijiji vya kaskazini, pamoja na meli za mizigo, hazikuoni vizuri kama unavyoziona, kwa sababu umekaa chini sana juu ya maji. Chagua rangi kali kama chungwa au njano, kata njia yao kwa pembe mraba na kwa haraka, na usiamini kwamba nahodha amekuona mpaka abadilishe uelekeo. Usiku, wakati wa giza la mwezi, ziwa hujaa taa za wavuvi wa dagaa na migebuka, pamoja na nyavu na kamba zao. Anayejifunza hana kazi huko. Huku magharibi jua huzama karibu saa moja jioni, na giza hufuata upesi. Saa kumi na mbili uwe umekwisha kuvuta chombo mchangani.

Siku ya kuongeza vifaa vya uvuvi

Kila kifaa unachoongeza ni kitu kimoja zaidi cha kukutega unapoanguka. Kwa hiyo, kabla ya safari ya kweli, panga kila kitu juu ya chombo, ondoa ndoana, kisha upinduke kwa makusudi ukiwa karibu na ufukwe. Utaona mwenyewe ni fimbo ipi imezama, kamba ipi imekuzungukia mguu, na kisanduku kipi kimefunguka. Punguza vitu, fupisha kamba, rudia.

Anza na fimbo moja. Ndoana ambazo hazitumiki zikae ndani ya kisanduku chenye kifuniko, na koleo la kuzitolea liwe limefungwa. Samaki mwenye nguvu kama kuhe au sangala apigwe vita mbele ya omo, si ubavuni, ili akivuta avute chombo kwa urefu wake. Unapomtoa majini kichwa chako kibaki juu ya kiti. Uinamapo kumfuata ndipo unapopinduka.

Nanga isifungwe kamwe ubavuni. Ifungwe omoni au tezini, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na itumike penye kina kifupi tu. Palipo na kina kirefu acha chombo kielee, ukikagua alama mbili za nchi kavu, mathalani mti na paa la nyumba nyuma yake, ili ujue unasukumwa wapi.

Kabla ya hayo yote, fika ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize leseni ya uvuvi na usajili wa chombo, kwani Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimwachi nje mtu kwa sababu tu chombo chake ni kidogo. Uliza pia tarehe za kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Usivue ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

Kwa anayetoka ziwani kwenda baharini

Wapo watakaojifunzia Kigoma kisha waende kuvua Tanga, Bagamoyo au Mtwara. Kafi ni lile lile na kupanda chombo ni kule kule, lakini bahari ina jambo ambalo ziwa halikufundishi, nalo ni maji kujaa na kupwa. Pwani yetu tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huweza kufika mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yanapotoka kwenye mlango wa ghuba au kati ya visiwa huwa mkondo unaomshinda mpiga kafi, na mwamba uliopita juu yake asubuhi huenda mchana ukawa wazi, mawimbi yakivunjikia hapo.

Kwa hiyo, siku za mwanzo chagua maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, badala ya bamvua, uwe na jedwali la maji kujaa na kupwa la mahali hapo, na utoke wakati maji yanaanza kujaa, ili ukichoka yakurudishe pwani. Unapopita mahali mawimbi yanapovunjika, fungua kamba ya kafi na uondoe fimbo mbele yako. Ukitupwa majini hapo, kaa upande wa chombo unaotazama bahari kuu, kamwe usikae kati ya chombo na ufukwe, kwa kuwa wimbi linalofuata huibeba kayaki kwa uzito wote na kumgonga aliye mbele yake. Na somo la kupinduka lianze upya hukohuko, katika maji ya kiunoni, mbele ya mvuvi mwenyeji anayeijua pwani hiyo.